Uzi: Upotevu wa nguvu kati ya mapanga ya turbaini, na namna tunavyoupima kwa manomita ya maji hapa Kigoma

FundiKibirizi (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni. Kwa miaka mingi mji wetu wa Kigoma uliwashwa kwa majenereta ya dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi ya Taifa, na mimi ni mmoja wa mafundi waliosomesha watoto wao kwa kazi ya mashine hizo. Siku moja nilifungua tabochaja kubwa ya injini, yaani kile kifaa kinachozungushwa na moshi ili kiisukumie injini hewa zaidi, ile ambayo moshi hupita kwenye turbaini yake sambamba na mhimili, nikaitoa pete ya mapanga yasiyozunguka, yale yanayouelekeza moshi kwenye gurudumu. Masizi yalikuwa yameganda kila mahali isipokuwa kwenye mstari mmoja mwembamba, msafi kama uliopanguswa kwa kitambaa. Mstari huo ulianzia pale panga linapokutana na sakafu ya njia, ukapanda mgongo wa panga kwa mshazari, na kufikia ukingo wa nyuma ukiwa karibu theluthi ya kimo chake. Panga la pili lilikuwa hivyo hivyo, na la tatu. Niliyazungukia yote kwa tochi, na hakuna hata moja lililokosa alama hiyo.

Wakati ule sikujua ninachokitazama. Leo najua kwamba masizi yale yalikuwa yamenichorea ramani ya upotevu wa nguvu. Ninaanzisha uzi huu kwa sababu naamini jambo moja kwa dhati: upotevu mkubwa ambao bado unaweza kupunguzwa katika njia ya turbaini umejificha pembeni, pale panga linapokutana na ukuta, na hakuna atakayeuona asipopeleka kipimio, yaani kijibomba kinachopokea kanieneo ya hewa, mpaka kwenye pembe hiyo, nukta kwa nukta.

Niweke kwanza majina ili tusipishane. Kila panga lina tumbo, upande uliobonyea ambako kanieneo ni kubwa, na lina mgongo, upande uliobinuka ambako hewa hukimbia zaidi na kanieneo hushuka. Nafasi kati ya tumbo la panga moja na mgongo wa jirani yake ndiyo njia ya hewa, moshi au mvuke. Njia hiyo ina sakafu upande wa shina na dari upande wa ncha.

Upotevu ndani ya njia hiyo hugawanywa kwa desturi katika mafungu matatu. La kwanza ni upotevu wa umbo la panga lenyewe, yaani msuguano kwenye ngozi yake pamoja na mkia wa hewa iliyochoka unaoachwa nyuma ya ukingo. La pili ni upotevu wa sakafu na dari. La tatu ni uvujaji kwenye mwanya kati ya ncha ya panga linalozunguka na kasha lake. John Denton wa Cambridge, katika makala yake ya 1993 ambayo bado inategemewa na watu wa fani hii, alieleza kwamba mara nyingi mafungu haya yanakaribiana kwa ukubwa, kila moja likiwa karibu theluthi ya upotevu wote. Mtu anayelainisha mgongo wa panga na kusahau sakafu amepiga deki chumba kimoja cha nyumba yenye vyumba vitatu.

Nitaendelea kesho na habari ya kisulisuli cha sakafuni. Karibuni kwa maswali.

MwalimuMwanga

Shikamoo fundi. Ninafundisha fizikia, na ningependa uanze na chanzo kabla ya kufika kwenye vipimo. Kwa nini hewa ya karibu na sakafu isifuate njia ile ile inayofuatwa na hewa ya katikati? Ukuta wa tumbo na ukuta wa mgongo ni wale wale kutoka chini hadi juu.

FundiKibirizi

Marahaba mwalimu. Swali lako ndilo kiini cha mada nzima, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda.

Koroga chai yenye majani kwenye kikombe, kisha toa kijiko na usubiri. Majani ni mazito kuliko maji, na mtu angetarajia yatupwe ukingoni, lakini hukusanyika katikati ya kikombe, chini. Sababu ni hii. Chai inayozunguka husukumwa nje na mwendo wake, na kanieneo ya ukingoni huongezeka hadi kuusawazisha msukumo huo. Chini kabisa, chai inayogusa kikombe imepunguzwa kasi na msuguano, msukumo wake wa kwenda nje umepungua, lakini kanieneo inayoirudisha ndani ni ile ile ya chai ya juu. Hapo kanieneo hushinda, na chai ya chini huburuta majani kuelekea katikati.

Njia ya turbaini ni kikombe hicho kilichonyooshwa. Hewa ya katikati inapopinda, kasi yake husawazishana na tofauti ya kanieneo kati ya tumbo na mgongo. Hewa ya sakafuni, ile iliyomo ndani ya tabaka la mpakani, yaani tabaka jembamba linalopunguzwa kasi na msuguano wa ukuta, ambalo Ludwig Prandtl alilieleza mwaka 1904, haina kasi hiyo. Kwa hiyo husukumwa kutoka tumboni kwenda mgongoni kwa kukata njia mshazari, ikifika mgongoni haina pa kwenda isipokuwa juu, na hivyo hujiviringisha kuwa kisulisuli kinachosafiri na mkondo hadi nje. Ule mstari safi kwenye masizi yangu ndio alama ya mahali kisulisuli kilipopanda mgongoni.

Kuna na kisulisuli cha pili, kinachozaliwa mapema zaidi. Wenyeji wa Ujiji wanaotega nyavu kwenye mlango wa mto Luiche wamekiona bila kukipa jina. Nguzo ikichomekwa kwenye mchanga ndani ya maji yanayotembea, baada ya siku chache mchanga wa mbele ya nguzo huchimbika, na shimo hilo huizunguka nguzo pande zote mbili kwa umbo la kiatu cha farasi. Maji ya juu, yenye kasi, yanapogonga nguzo huongeza kanieneo kuliko maji ya chini yaliyopungua kasi, kwa hiyo mkondo huteremka mbele ya nguzo, hugeuka nyuma juu ya mchanga na kujiviringisha. Ukingo wa mbele wa panga ni nguzo hiyo hiyo. Mguu mmoja wa kisulisuli hicho hupita upande wa mgongo. Mguu wa pili, wa upande wa tumbo, huvuka njia na kuungana na kile kisulisuli kikubwa nilichokieleza. Lee Langston na wenzake nchini Marekani waliichora picha hii vizuri mwaka 1977, baada ya kupima ndani ya safu ya mapanga makubwa katika mkondo wa kasi ndogo, na karibu kila mtafiti aliyefuata ameanzia kwenye mchoro huo.

KijanaGungu

Asante kwa elimu, mzee wangu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, niko nyumbani likizo. Chuoni tunafundishwa kutatua mikondo ya namna hii kwa kompyuta, na picha zinatoka na rangi zote. Je, bado kuna haja ya handaki la upepo, yaani kasha ambamo feni hupuliza hewa kwenye safu ya mapanga ili ipimwe?

FundiKibirizi

Haja ipo, mwanangu, na nitakueleza bila kuidharau kompyuta, kwa sababu mafanikio makubwa ya fani hii yalipatikana kwa vyote viwili kushikana mikono.

Katika Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, watafiti walishirikiana na Rolls-Royce kujaribu sakafu isiyo bapa. Wazo lake ni rahisi kulisema. Ukiinua sakafu kidogo karibu na tumbo, hewa hukimbia juu ya kilima hicho na kanieneo ya pale hushuka. Ukiibonyeza karibu na mgongo, kanieneo ya pale hupanda. Ile tofauti inayosukuma hewa mshazari hupungua, na kisulisuli hudhoofika. Kompyuta ndiyo iliyochagua umbo la vilima na mabonde. Safu ya mapanga kwenye handaki ndiyo iliyotoa hukumu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha upotevu wa sakafuni ukipungua kwa karibu asilimia 30. Baadaye wazo hilo lilijaribiwa kwenye modeli ya turbaini ya kanieneo kubwa ya injini ya ndege ya Trent 500, na ufanisi wa hatua hiyo (safu ya mapanga yasiyozunguka pamoja na gurudumu lake) ukapanda kwa zaidi kidogo ya nusu asilimia. Usiione nusu asilimia kuwa ndogo. Ikipatikana kwenye mtambo mzima wa megawati 100 ni kilowati 500, saa baada ya saa, bila kuongeza tone la mafuta.

Sasa udhaifu wa kompyuta. Hesabu za kawaida hukisia namna tabaka la mpakani linavyobadilika kutoka hali tulivu kwenda hali ya vurugu, na makisio hayo hukosea hasa mahali ambapo upotevu huzaliwa: kwenye pembe, kwenye mgongo wa nyuma, na pale hewa inapobanduka kwenye panga. Mfano mzuri ni mapanga ya turbaini za kanieneo ndogo za ndege. Kule juu hewa ni nyepesi, namba ya Reynolds (inayolinganisha nguvu ya mwendo wa hewa na unato wake) hushuka, na hewa tulivu hubanduka mgongoni na kuacha kipovu cha hewa inayozunguka papo hapo. Kwa majaribio ya fito zilizopitishwa mbele ya safu ya mapanga, mfano wa mikia ya hewa inayotoka safu iliyotangulia, watafiti wa Maabara ya Whittle, Cambridge, walionyesha kwamba kila mkia unaopita hulitikisa tabaka na kukizuia kipovu kisikue. Kwa ujuzi huo wabunifu walithubutu kuweka mapanga machache zaidi, kila moja likibeba mzigo mkubwa zaidi. Aliyekuwa akipima kwa mkondo usiotikisika angeapa kwamba mapanga hayo hayafai.

MwalimuMwanga

Nimekuelewa vizuri. Sasa tuonyeshe kifaa chako. Umesema manomita ya maji, yaani bomba ambalo maji yake hupanda na kushuka kuonyesha kanieneo, na mimi najua wazi kwamba tofauti unazozitafuta ni ndogo mno.

FundiKibirizi

Ni ndogo kweli, na hapo ndipo nilipojifunza kuwa mvumilivu.

Safu yangu ya majaribio ina mapanga saba ya mbao ya mninga, yaliyorandwa kwa kufuata kigezo cha bati, yakapigwa msasa na kupakwa vanishi mara tatu. Upana wa kila panga ni milimita 100, kimo milimita 200, na nafasi kati ya panga na panga ni milimita 80. Napima kwenye njia mbili za katikati peke yake, kwa sababu za pembeni huharibiwa na kuta za kasha. Upepo hutoka kwenye feni la mota ya kilowati 3, hupita kwenye kisanduku kikubwa chenye nyavu mbili za kichujio ili utulie, kisha huingia kwenye safu.

Tuhesabu pamoja. Kigoma iko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu ya nyuzi 27 ina takriban kilo 1.07 kwa mita ya ujazo. Ikitoka kwenye mapanga kwa mita 30 kwa sekunde, kanieneo ya mwendo, ile inayotokana na kasi ya hewa, ni kama paskali 480, yaani milimita 49 za maji. Upotevu wa asilimia 5 ya hiyo ni milimita 2.5 tu. Kwenye bomba lililosimama wima jicho haliwezi kuusoma kwa uhakika, kwa sababu uso wa maji wenyewe umejipinda. Dawa yake ni kulilaza bomba juu ya ubao kwa mteremko wa 1 kwa 10, na milimita 2.5 zinageuka kuwa milimita 25 za mwendo kwenye rula. Nimetia tone la sabuni kwenye maji ili yasing'ang'anie bomba, na rangi ya chakula ili yaonekane.

Namba ya Reynolds kwa vipimo hivyo hukaribia 174,000, ikihesabiwa kwa upana wa panga na kasi ya kutokea. Hiyo si ya kuchezea, kwa kuwa mapanga ya turbaini za kanieneo ndogo hufanya kazi katika eneo hilo. Kisichowakilishwa hapa ni mambo ya kasi inayokaribia ya sauti, na simdanganyi mtu kwamba manomita yangu inayaona.

Sasa niseme kosa langu. Mwaka wa kwanza nilipima kwa kusogeza kipimio kwenye mstari mmoja tu, katikati ya kimo cha panga. Nilipata mkia mwembamba mzuri nyuma ya kila panga, nikafurahi, nikaandika kwenye daftari kwamba mapanga yangu ni bora. Miezi kadhaa baadaye, nilipotaka kubadilisha bomba, kipimio kikateleza chini kwenye kishikio chake bila mimi kujua, na nilipowasha feni maji yalishuka kwenye rula kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Nilidhani bomba limetoboka. Nilifunga kila kiungo upya, nikarudia, nayo yakashuka vile vile. Kipimio kilikuwa kimesimama ndani ya kisulisuli, milimita 40 tu kutoka sakafuni. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimepima theluthi moja ya tatizo na kuliita tatizo lote.

Tangu siku hiyo napima nukta 20 kwa upana wa njia na nukta 15 kwa kimo, kutoka sakafuni hadi katikati, kwani nusu ya juu inafanana na ya chini. Ni nukta 300, na kila moja nasubiri sekunde 30 maji yatulie. Ni saa mbili na nusu za kusimama bila kuzungumza na mtu.

NtaTabora

Nawasalimu kutoka Tabora. Mimi ni mfanyabiashara wa asali na nta, na nimefuata uzi huu kwa sababu binamu yangu alinunua kwangu kilo mbili za nta akisema ni za fundi wa Kibirizi anayefinyanga sakafu ya upepo. Ningependa kujua nta yetu inafanya kazi gani humo.

FundiKibirizi

Ndugu yangu, nta yako imefanya kazi kubwa kuliko unavyodhani. Kubadilisha umbo la sakafu kwa mbao kunachukua wiki. Kwa nta nafinyanga asubuhi, napima mchana, na kama umbo halifai nalikwangua jioni. Hewa ninayotumia ni ya joto la kawaida, kwa hiyo haiyeyuki, ilimradi kisanduku kisikae juani.

Umbo la kwanza nililolifinyanga ni mteremko mdogo mbele ya panga, pale ukingo wa mbele unapokutana na sakafu, ili mkondo usigonge nguzo wima bali upande taratibu. Utafiti wa Virginia Tech uliochapishwa mwaka 2002 ulipendekeza kimo cha mteremko kilingane na unene wa tabaka la mpakani, na urefu wake kwenda mbele uwe mara mbili ya unene huo. Tabaka langu nilikuwa nimelipima kuwa na milimita 15, nikafinyanga milimita 15 kwa 30.

Ili kuona kilichobadilika nilichanganya masizi ya chungu, mafuta ya taa na mawese kidogo, nikapaka sakafu iliyopigwa rangi nyeupe, nikawasha feni. Mawese peke yake ni mazito, na asubuhi ya baridi huganda, ndiyo maana mafuta ya taa ni ya lazima. Kabla ya nta, mchanganyiko uliacha mbele ya ukingo nukta moja ambayo masizi yalikataa kuivuka, na kutoka hapo mistari miwili ikagawanyika kama kiatu cha farasi. Baada ya nta nukta ile haikuonekana tena, na mistari ya sakafuni ilinyooka kwa sehemu ya mwanzo ya njia. Kuelekea mwishoni bado ilikata mshazari kwenda mgongoni, kwa sababu tofauti ya kanieneo kati ya tumbo na mgongo haiondolewi na mteremko wa mbele. Kwa hiyo vilima na mabonde vya sakafuni bado vinahitajika, na ndiyo kazi ya kilo mbili za binamu yako.

KijanaGungu

Samahani kwa kuuliza tena. Ukipata tofauti ya milimita moja kwenye rula kati ya sakafu bapa na sakafu yenye nta, unajuaje kwamba ni nta na si umeme uliopungua nguvu?

FundiKibirizi

Hilo ni swali ambalo watu wengi hawaliulizi, na majibu yao huharibikia hapo. Umeme ukishuka, feni hupungua. Jua likipanda, hewa huwa nyepesi. Kwa hiyo sisomi kanieneo peke yake hata siku moja. Nina bomba la pili lililo mbele ya safu, lisilosogezwa, na kila somo la nyuma hugawanywa kwa somo la mbele la dakika ile ile. Pili, kila siku ya nta huanza na kumalizika kwa sakafu bapa. Kama sakafu bapa ya asubuhi na ya jioni hazilingani, siku yote inafutwa daftarini, hata kama nta imetoa jibu nililolitamani. Nimefuta siku nyingi.

Tatu, kudhoofika kwa kisulisuli si sawa na kupungua kwa upotevu. Nta inaweza kupunguza mzunguko wa hewa lakini ikaongeza ngozi ya kusuguana. Hukumu inatoka kwenye wastani wa kanieneo jumla (ya hewa tuli pamoja na ya mwendo) kwa nukta zote 300, kila nukta ikipewa uzito kulingana na hewa inayopita hapo.

BangweUmeme

Je, elimu hii ina faida yoyote kwa mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi wa megawati 49.5, au ni ya gesi na mvuke peke yake?

FundiKibirizi

Ina faida, ndugu. Maji hayabanwi kama gesi, lakini hupinda kati ya mapanga, hupungua kasi ukutani na hujiviringisha pembeni kwa sababu zile zile. Zaidi ya hapo, katikati ya kisulisuli kanieneo hushuka, na kwenye maji kushuka huko kunaweza kuzaa vipovu vya mvuke vinavyokula chuma vinapopasuka. Mvujo wa ncha nao upo kwenye turbaini za maji za aina ya Kaplan. Kwenye gesi, kanuni ya mafundi ni kwamba mwanya wa asilimia 1 ya kimo cha panga hugharimu kati ya asilimia 1 na 2 za ufanisi, ndiyo maana ncha nyingine huchongwa ziwe na kingo kama sinia, au huvalishwa mkanda.

MwalimuMwanga

Fundi, nina wanafunzi sita wa kidato cha sita wanaotaka kuona. Tuje na nini?

FundiKibirizi

Njooni Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla kibanda hakijapata joto. Kila mmoja aje na daftari na penseli, kwani wino husambaa maji yakimwagika. Wewe mwalimu niletee mita nne za bomba jembamba la plastiki linaloonyesha ndani, la milimita 5, kwa sababu langu limeanza kuwa na ukungu na siku hizi nasoma rula kwa wasiwasi. Wanafunzi wawili watasoma manomita ya mbele, wawili ya nyuma, mmoja atasogeza kipimio, mmoja ataita muda. Tutaanza na sakafu bapa.